Mchumaji Hula Kwanza

Hapa kijijini wanasema nilimlaani Leandros. Waongo wakubwa. Mimi ningemlaani mtu angesikia mwenyewe, na majirani wangesikia, na mbuzi walio ng'ambo ya bonde wangeacha kula. Nilichofanya ni kupiga ishara ya msalaba mara tatu mbele ya sufuria ya mboga, kisha nikaweka uma mezani. Kama hilo ni kosa, basi wafunge wanawake wote wa Krete.

Lakini sijifanyi mtakatifu. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimekaa na donge langu rohoni tangu tulipomzika mama, na siku ile nililitema.

Mama yangu, Anezina, alianza kuchuma mboga za porini akiwa na miaka sita, akaacha akiwa na themanini na nne. Wakati wa vita, ghala zilipobaki tupu, yeye msichana wa miaka kumi ndiye aliyewalisha wadogo zake wanne kwa kisu kifupi na kikapu. Mwaka huohuo mwanamke mmoja wa kijiji hiki hiki aliwachemshia watoto wake mboga. Yeye mwenyewe hakula, akawaachia wanawe, mama ni mama. Jani moja baya lilikuwa limeingia humo, lile linalofanana na karoti pori kama pacha. Watoto watatu walizikwa siku moja. Mwanamke yule akabaki hai miaka arobaini zaidi, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Tangu siku hiyo ipo desturi hapa Ano Rizia, na hakuna anayeichezea. Aliyechuma ndiye anayekula kwanza. Anakula sahani yake mbele ya wote, wengine wanasubiri muda wa kunywa kahawa, ndipo nao wanakula. Na kabla mboga hazijaingia chunguni, mwanamke mzee kuliko wote anamwaga kikapu na kukigeuza mpaka chini. Akikuta jani baya halitaji kwa jina, maana jina lile halisemwi mbele ya chakula. Anapiga msalaba mara tatu, ananyamaza, na vyote vinamwagwa shimoni. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua maana ya misalaba ile mitatu.

Leandros alikuja Novemba moja kutoka Athens, amevaa makubazi, miguu imekuwa ya zambarau kwa baridi. Alikuwa amechoka na ofisi, akasema anataka kuishi kwa asili, ale kinachoota, alale jua likizama. Jirani yangu Stamatia, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kuchukua likizo, alimtazama juu chini akamwambia, "Kumbe hii yetu inaitwa kuishi kwa asili? Sisi miaka yote tulidhani ni ufukara." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hata yeye alicheka, na ndivyo alivyotupata. Mtu anayejicheka unamfungulia mlango.

Mama alimpenda. Nami nilimpenda, sitaki kudanganya. Binti yangu yuko Stuttgart, anakula mboga zilizofungwa kwenye plastiki, na vijana waliobaki hapa hawatofautishi mchunga na majani ya kulishia sungura. Huyu alikuwa anabeba kikapu cha mama, anapiga magoti kwenye matope, anauliza, anaandika, kesho anauliza tena. Alimwita mama yangu Bibi. Mama akamwita mwanangu. Kwa majira mawili ya baridi walipanda milima pamoja, na kila jioni mama alimwaga kikapu chake juu ya meza yangu ya jikoni. Mwanzoni ilikuwa misalaba kila siku. Mboga za Leandros zilikwenda shimoni moja kwa moja, yeye anatazama kwa macho ya mbwa aliyefukuzwa. Halafu ikawa mara moja kwa wiki. Majira ya pili yote hakupigiwa msalaba hata mmoja. Mimi binti yake wa kumzaa sijawahi kumaliza majira ya baridi bila msalaba, na mama alikuwa hachoki kunikumbusha. "Mtazame mwenzio," alikuwa akisema. Nilikuwa natabasamu, lakini iliniuma.

Ndipo mama akampeleka Vigla.

Vigla ni mteremko wa juu, upande wa upepo, na ndipo palipokuwa na stamnagathi nyingi kuliko popote, ile mboga chungu inayojificha ndani ya kichaka cha miiba. Unaingiza mkono taratibu, unakata shingoni kwa ncha ya kisu, mzizi unauacha, na mwaka ujao inaota nyingine. "Jani ni lako, mzizi si wako," mama alikuwa anasema. Mimi alinipeleka Vigla nilipokuwa nimeshaolewa na nina mtoto. Leandros alimpeleka mwaka wa pili. Alimwapisha kwanza, mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa, kwamba hatamwonyesha mtu. Akaapa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya.

Masika yaliyofuata alifungua nyumba ya wageni upande wa chini wa kijiji, akaiita Mizizi. Watu walikuja kutoka mijini, wengine kutoka nchi za mbali, kujifunza kuishi kwa asili kwa siku tano. Siku ya tatu ya kila kundi aliwapeleka Vigla. Na hakuwapa visu, aliwapa vijembe. Alikuwa amegundua, sijui alioteshwa na nani, kwamba nguvu yote ya mmea iko mzizini, kwa hiyo waling'oa mboga nzima, wakaiosha kwenye ndoo, wakaipiga picha na mzizi wake umening'inia. Kundi baada ya kundi, masika mawili. Sisi hatukujua. Mama alikuwa ameumia nyonga, hakupanda milima miaka hiyo, nami nilikuwa nachuma karibu ili nisimwache peke yake.

Alipopata nafuu kidogo, Februari, akataka Vigla. Nilimshika mkono njia nzima, muda wa saa mbili kwa mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima anaenda dakika arobaini. Tulipofika juu hakukuwa na mteremko. Kulikuwa na mashimo. Udongo umegeuzwa wote, miiba mikavu imetupwa pembeni, mvua imeanza kuchukua kilichobaki. Mama alikaa juu ya jiwe, akatoa kisu chake mfukoni, akatazama huku na huku akitafuta cha kukata. Kisha akaniuliza kama ni nguruwe pori.

Nikamwambia ndiyo, mama, ni nguruwe.

Akatazama alama kwenye udongo. "Nguruwe hawavai viatu, Garifalia," akasema.

Siku hiyohiyo alinilazimisha nimpeleke Mizizi. Leandros alikuwa uani na wageni wake kama ishirini. Akamkumbatia, akamgeuza upande wa kamera, akawaambia huyu ndiye bibi yake wa porini. Mama akajitoa mikononi mwake. Akamwambia, mbele ya wote, achukue watu wake na vijembe vyao, apande Vigla kesho, wafukie mashimo kabla mvua haijamaliza udongo. Hakupiga kelele. Mama hakuwa mtu wa kelele, hiyo niliirithi kwa baba.

Leandros akacheka kidogo, akamshika bega, akawageukia wageni. "Mumsamehe bibi yangu," akawaambia. "Amezeeka, anasahau. Vigla ni yeye mwenyewe aliyenipa."

Mama alinitazama mimi. Hakumtazama yeye. Nilitaka nimrukie yule mwanaharamu, lakini mama alikuwa ameniegemea mzima mzima na ningemwacha angeanguka. Tukarudi nyumbani. Alitundika kisu chake kwenye msumari nyuma ya mlango na hakukigusa tena. Chakula akawa analazimishwa. Oktoba tulimzika.

Shukrani ya punda ni mateke, hilo nalijua, nimefuga punda. Lakini punda akishakupiga teke haji mazishini. Leandros alikuja. Aliweka juu ya kaburi shada la majani ya porini lililofungwa vizuri, akaomba kusema maneno mawili, akasema mia mbili. Wiki moja baadaye nikaona picha ya mama, kubwa kama dirisha, imetundikwa kwenye geti la Mizizi, mama anacheka na kikapu mkononi. Nilisimama barabarani na mikate yangu kwapani. Nikamwapia mama palepale, kwa sauti, kwamba yule mtu ataumbuka kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba mimi nitakuwa nimekaa karibu nikitazama.

Miaka miwili sikufanya kitu. Nilimsalimia akinisalimia. Stamatia alinitukana kwa hilo, akasema damu yangu imegeuka maji ya kuchemshia maharage. Nilimwacha aseme.

Halafu akaitaka Skafi.

Skafi ni mteremko uliobaki. Ni wa kijiji, hauna mwenye, na sisi wanawake wote wa hapa tunachuma huko tangu Vigla ilipokufa. Leandros aliomba akodishiwe miaka kumi, auzungushie waya, aufanye shamba darasa la kuishi kwa asili. Mwenyekiti wa kijiji ni binamu yangu Manousos, mtu wa tumbo kubwa na uamuzi mdogo. Nilimwendea nyumbani. Nilimweleza Vigla, nikamweleza vijembe, nikamwambia akiweka sahihi, ndani ya masika mawili wajukuu wake watakuwa wanakula mawe. Akajikuna, akasema shule imefungwa, mkahawa umebaki mmoja, na huyu kijana angalau analeta watu. Akasema ataweka sahihi Jumatatu Safi, siku tunayofungua Kwaresima, baada ya chakula, kwa sababu Leandros amealika kijiji kizima Mizizi na itakuwa jambo zuri kulifanya mbele ya wageni. Nilitoka bila kunywa kahawa yake, na kwetu hilo ni tusi zito.

Kwa hiyo mjue, Skafi ilikuwa inakwenda. Lakini nikiweka mkono juu ya kaburi la mama siwezi kusema kwamba niliyafanya kwa ajili ya Skafi. Skafi ilipata bahati nzuri tu.

Asubuhi ya Jumatatu Safi watoto walishapanda kilimani na tiara zao. Mimi nilikuwa natoka kuchota maji ya kanisani nikakutana na Leandros njiani, anashuka kutoka kingo za Skafi na wageni wake nyuma, kikapu kimejaa. Alikuwa ameanza kuchuma kabla ya kupewa, ndivyo alivyo. Aliponiona akasimama, akawaambia wageni huyu ni binti wa Bibi Anezina, sasa ndiye mzee wa kukagua vikapu, desturi nzuri sana ya zamani. Akaniinulia kikapu huku anatabasamu, mtu mmoja tayari anapiga picha.

"Shangazi Garifalia, utatukagua?"

Nikatia mkono. Niligeuza mpaka chini, taratibu, kama mama. Nikatoa majani yale yaliyochanika kama manyoya, yenye sura ya karoti pori, nikayasugua kwa vidole, nikayanusa. Nikayarudisha. Nikamtazama usoni, na kama angenitazama wakati ule labda angeona kitu, lakini alikuwa anaiangalia kamera. Sikusema neno. Nikachukua maji yangu nikaenda zangu.

Saa saba tulikuwa mezani, watu zaidi ya sitini, meza zimeunganishwa uani, kando ya geti, chini ya picha ya mama. Kulikuwa na mikate bapa ya siku hiyo, zeituni, pweza, maharage, vitunguu vibichi, pombe kali ya raki ya kutosha kuzamisha punda. Manousos alikuwa amekaa kichwani, karatasi zimechungulia kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Mimi niliwekwa mkono wa kulia wa Leandros, kama kikombe cha kabatini. Stamatia alikuwa mbele yangu, ananiangalia kwa dharau kwa kuja.

Sufuria ya mboga ikaletwa mwisho. Leandros akasimama. Alizungumza kuhusu dunia, kuhusu ofisi alizoziacha, kuhusu mikono ya bibi yake. Kisha akawaeleza wageni ile desturi. Alieleza vizuri, nakiri, hata wale watoto watatu wa wakati wa vita aliwataja, na mama mmoja mgeni, mwenye mtoto wa kike mapajani, akafuta machozi. Akasema ndiyo maana leo, kabla hamjala, nitakula mimi, kwa sababu mchumaji hula kwanza. Watu wakapiga makofi. Akajipakulia sahani iliyojaa, akamwagia mafuta ya zeituni, akakamua limau. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda maonyesho, akanigeukia akaniomba mimi, binti wa Anezina, nibariki chakula.

Mungu anipe nini tena.

Nikasimama. Nikainama juu ya sufuria nikatazama ndani, sikuharakisha. Nikamtazama Leandros. Nikapiga msalaba. Nikapiga wa pili. Nikapiga wa tatu. Nikaweka uma wangu mezani, nikasukuma sahani yangu kidogo mbele, nikakaa, mikono mapajani.

Stamatia alikuwa na zeituni mdomoni. Aliitoa, na kokwa yake na nyama yake, akaiweka pembeni. Kisha akaweka uma chini. Baba mkwe wake akaweka chini. Manousos, mwenye kipande cha mkate njiani kuelekea mdomoni, akakirudisha. Niliisikia inakwenda meza nzima, uma baada ya uma, watu wa Ano Rizia wote, na wageni wanatazamana, wanaulizana kwa lugha zao kuna nini.

Leandros hakuuliza kuna nini. Alikuwa ameona misalaba ile jikoni kwangu mara mia. Rangi ilimtoka usoni yote, akabaki wa kijivu.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini. "Asubuhi uliona nini?"

"Nimeomba tu, mwanangu. Siruhusiwi kuomba kabla ya chakula?"

"Uliona nini kwenye kikapu?"

"Wewe ndiye mchumaji," nikamwambia. "Kula."

Akaanza kuzigeuza zile mboga kwa uma. Mboga ikishachemka, jani la uzima na jani la kifo ni kitu kimoja, kijani kizito kinachochuruzika. Alizitandaza, akainua moja, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka, akainua nyingine. Nilikuwa namwona anapanda Skafi upya kichwani mwake, kila mahali alipoinama, kila jani. Akasema, kama anajiambia mwenyewe, kwamba alizikagua, alizikagua mara mbili.

"Basi kula," nikasema.

Akachota. Akapeleka mpaka mdomoni, mafuta yakamgusa mdomo wa chini, uma ukaishia hapo. Nilisogea kidogo ili nione vizuri. Sijawahi kufurahia kitu namna ile, hata siku ya harusi yangu. Alikaa hivyo muda mrefu, watu sitini wanamtazama na mama yangu anacheka getini. Kisha akashusha uma. Akajifuta mdomo kwa kitambaa, akajifuta tena kwa nguvu, akasema tumbo lake halikuwa sawa tangu asubuhi.

Yule mama mgeni akamuuliza, kwa Kigiriki kibovu lakini kila mtu alielewa, "Ulitaka binti yangu ale kitu ambacho wewe huwezi kula?" Hakungoja jibu. Akamwinua mtoto, akaichukua sahani ya mtoto akaimwaga chini, akaingia ndani kufunga mizigo yake. Wengine wakamfuata.

Manousos alikuwa anazitazama karatasi zake. Akazisukuma ndani kabisa ya mfuko, akafunga vifungo vya koti, akasema nadhani wakati si mzuri. Yule binamu yangu, miaka hamsini na minane, ndiyo mara ya kwanza nimemwona anaamua kitu.

Nikasimama nami. Nilikuwa na neno moja nimelitunza, nikampa. "Mama yangu alizeeka, Leandros, alisahau mambo mengi," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Lakini kula kwanza hakusahau." Kisha nikaifunika ile sufuria, nikaizungushia taulo maana ilikuwa ya moto, nikaibeba kifuani. Watu walinipisha. Walijua naipeleka shimoni, ndivyo inavyofanywa, na Stamatia akapiga msalaba nilipompita.

Sikwenda shimoni. Nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango, nikaiweka juu ya meza ileile mama alipokuwa anamwaga vikapu. Nikajipakulia. Mafuta, limau, chumvi kidogo. Nikala.

Leandros hakukosea jani hata moja. Nilijua tangu asubuhi, tangu nilipoyanusa yale majani ya manyoya. Karoti pori ya kweli, changa, iliyokatwa mahali pake. Mchunga laini, shamari kidogo kwa harufu, stamnagathi za moyoni ambazo mtu wa pupa hazifikii. Hapakuwa na chembe ya mchanga. Zilichemshwa mpaka pale mama alipokuwa anasema toa, na zimechanganywa kama alivyokuwa anachanganya yeye, chungu mbili kwa tamu moja. Mimi sijawahi kuipata ladha ile. Yeye aliipata. Tangu Oktoba ile sikuwa nimeila, na nilipoila nililia mpaka nikaweka uma chini, halafu nikauchukua tena nikaendelea.

Sufuria ilikuwa kubwa. Nilikula siku tatu.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa mezani nikasikia mtu getini. Nikatoka najifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Alikuwa Leandros, hajanyoa, amevaa viatu vya mjini. Hakuniuliza nakula nini. Aliushika mlango wa geti kwa mikono miwili akasema hakuja kugombana, wageni wameondoka, waliokuwa waje wamesikia hawaji tena, sawa, hilo amelikubali. Anataka jambo moja tu.

"Niambie lilikuwa jani gani."

Nikatazama viatu vyake.

"Shangazi, nakuomba. Jana nilitoka nje ya nyumba yangu, nikainama, nikaona mchunga. Mchunga tu. Nikashindwa kujua kama ni mchunga. Nilikaa pale nusu saa. Niambie nilikosea wapi, nisije nikaua mtu. Niambie, halafu nitakwenda zangu."

Kulikuwa na mafuta bado kwenye kidevu changu, nilihisi yanavyoteleza. Ningesema neno moja tu angepona. Nilimwangalia mikono yake, mikono mizuri, ya mtu anayejua kazi. Nikamkumbuka mama juu ya lile jiwe, kisu mkononi, akitafuta cha kukata.

"Muulize bibi yako wa porini," nikamwambia. "Picha yake si iko getini kwako?"

Nikarudi ndani. Nikamalizia sahani, nikapangusa mafuta kwa mkate.

Aliondoka kabla ya Pasaka. Wanasema yuko Athens, amerudi ofisini, na mboga ananunua dukani, zenye karatasi ya jina. Picha ya mama niliichukua mwenyewe, iko jikoni. Skafi haikuzungushiwa waya. Vigla bado ni mashimo, ila mwaka huu nilihesabu vichwa saba vya miiba vinavyochungulia, mizizi ambayo vijembe viliikata vibaya ikabaki chini.

Sijuti. Stamatia ameniuliza mara nyingi lilikuwa jani gani, naye sikumwambia. Nimekishusha kisu cha mama kwenye msumari, nakitumia, kinakata vizuri kuliko changu. Nachuma peke yangu, namwaga kikapu mezani, nakigeuza mwenyewe mpaka chini, wala sina hakika kama jicho langu ni zuri kama lao wawili, mama na yule mwanafunzi wake. Nachemsha, nakaa, nakula kwanza kama desturi inavyotaka. Kisha nasubiri muda wa kunywa kahawa, na hakuna mwingine wa kula.